Kiko cha Babu: Mali Hurithiwa, Udhuru Haurithiwi

Miongoni mwa maswali yaliyoletwa mbele ya darasa letu mwaka huu liko moja ambalo kwa dhahiri yake ni jambo dogo, hata baadhi ya ndugu walitabasamu liliposomwa. Lakini ada ya mambo madogo ni kufunua makubwa yaliyofichwa chini yake. Tulipolizungumza swali hilo usiku ule tulijikuta tumeingia katika mirathi, katika haki za wanawake, katika khitilafu za wanazuoni, na katika jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni namna gani mtu ampende aliyekufa. Kwa hivyo tumeona yafaa jibu lake liandikwe hapa, wapate kunufaika nalo na wale ambao hawakuwapo.

Muulizaji ni kijana wa Mombasa, mwenye mke na watoto wawili, mwenye kuhifadhi sala zake, na mwenye kazi ya halali bandarini. Alieleza kwamba babu yake, mzaa baba, alifariki mwaka uliopita, na katika kasha lake vikaonekana viko vitano: buruma mbili za maji, na viko vitatu vya mti vya Kizungu ambavyo marehemu alivinunua kwa mabaharia wa meli za Kilindini katika ujana wake. Kijana akavichukua, kwani, kwa maneno yake, hapakuwa na aliyevitaka. Tangu hapo, kila usiku baada ya sala ya isha, hukaa katika baraza ile ile aliyokuwa akikaa babu, akajaza tumbaku, akaweka kaa la moto, akavuta. “Nikisikia malio ya maji ndani ya buruma,” akasema, “huona kama babu yuko upande wa pili wa mkeka.” Havuti sigara, wala haingii katika nyumba za shisha, starehe yake ni hiyo moja tu. Basi akauliza: kuna ubaya gani mtu kustarehe kwa urithi wa babu yake?

Hatutaki kumjibu ndugu huyu kwa ukali, wala hatuoni kwamba swali lake ni la upuzi. Mwandishi wa maneno haya naye ana kijaluba cha babu yake, cha shaba, ambacho ndani yake hakijatiwa kitu kwa miaka mingi. Na kila akikifungua, harufu ya tumbaku na karafuu iliyobaki katika pembe zake humrudisha katika utoto wake kwa haraka kuliko picha yoyote. Vitu vya wazee vina nguvu hiyo, na mwenye kukanusha hajapata kufiwa. Lakini nguvu ya kitu si hoja ya uhalali wake. Nayo ni sababu ya kutuzidishia hadhari, kwani moyo ulioguswa huwa mwepesi wa kukubali na mzito wa kuuliza.

Kwa faida ya vijana ambao hawakukiona kiko cha kale, yafaa tukieleze. Kilikuwa na bori, yaani kibakuli kidogo cha udongo uliochomwa, ambamo hutiwa tumbaku na kaa juu yake. Chini ya bori kulikuwa na digali, mti wenye tundu uliopeleka moshi mpaka ndani ya maji, na maji hayo yalikuwa katika kitoma au kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikang’ara. Kutoka hapo ukatokeza shilamu, ambao ndio mwanzi wa kutia mdomoni. Kila mvuto ukatoa mlio wa maji, na mlio huo mababu zetu wakaupa jina lake, wakauita malio ya kiko. Watu waliokipa kila kiungo cha kitu jina lake ni watu waliokipenda kitu hicho, na hilo hatuwezi kulificha.

KIKO NI CHA NANI?

Ndugu yetu aliuliza juu ya moshi. Sisi tulimuuliza kwanza juu ya kiko chenyewe: ni chako? Akashangaa. Akasema: “Ni cha babu yangu, nami ni mjukuu wake wa kwanza.” Hapo ndipo tulipojua kwamba swali la pili limelitangulia la kwanza, naye hana khabari.

Mtu akifa, kila alichokuwa nacho, kikubwa na kidogo, huwa ni mali iliyofungwa kwa haki za watu. Hutolewa kwanza gharama za maziko yake, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi thuluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyopangwa katika Sura ya Nisaa. Wala sheria haikusema kwamba nyumba na shamba ndizo zigawiwe, na kiko, bakora, saa na vitabu viwe vya mwenye kutangulia kufungua kasha. Thamani ya kitu ikiwa ni shilingi moja, shilingi hiyo ina wenyewe.

Marehemu huyu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume, ambaye ndiye baba wa muulizaji, na mabinti wawili. Hakuacha deni wala wasia. Tuchukulie kwamba viko vyote vitano vikiuzwa vyaleta Sh. 3,200. Mke ana thumuni, yaani Sh. 400. Zabaki Sh. 2,800, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Basi mwana ana Sh. 1,400 na kila binti ana Sh. 700. Hesabu imekwisha. Na mjukuu? Mjukuu hana hata senti moja, kwani mwana wa marehemu yuko hai, na mwana humzuia mjukuu asirithi. Laiti babu angemuusia, au angempa kwa mkono wake katika uhai wake naye akapokea, lingekuwa jambo jingine. Hakufanya hivyo. Kwa hivyo ndugu yetu aliyekuwa akiogopa kwamba labda anavuta kilicho makuruhu, alikuwa kwa miezi mingi akistarehe kwa mali ya watu wanne, na watatu katika hao ni wanawake ambao hakuna aliyewauliza.

Tunalisema hili kwa urefu kwa sababu halikumpata yeye peke yake. Nani katika miji yetu hajaona matanga ambayo kabla ya arubaini kwisha saa ya marehemu imo mkononi mwa mmoja, bakora kwa mwingine, na vitabu vimetawanyika, kisha Kadhi akaitwa agawe nyumba peke yake? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari. Na mara nyingi inayopotea hivyo ni haki ya shangazi, ambaye huambiwa kwamba vitu vya wanaume havimfai. Havimfai kuvitumia, labda. Lakini thamani yake ni yake, na zaidi ya thamani, idhini ni yake.

Wala sheria haikumfungia mlango mjukuu mwenye mapenzi. Katika sura hiyo hiyo ya Nisaa, aya ya 8, tumeelekezwa kwamba jamaa wasiorithi wakihudhuria mgawo nao wapewe kitu na waambiwe maneno mema. Basi tulimwambia ndugu yetu: nenda kwa nyanya yako, na kwa baba yako, na kwa shangazi zako wawili, ukaombe. Wakikupa kwa radhi zao, ni hidaya, nayo ni tamu kuliko kitu ulichojichukulia.

MANENO YA SHANGAZI

Alikwenda. Baba yake hakuwa na neno. Shangazi mdogo alicheka, akasema chukua mwanangu, Mungu akubariki. Lakini shangazi mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema maneno ambayo ndugu yetu aliturudia nayo akiwa amebadilika uso. Tumeomba idhini tuyaandike.

“Mwanangu,” alisema, “wewe ulikuwa ukija kwa babu yako kiko kimekwisha kuwashwa. Sisi ndio tuliokuwa tukikiwasha.” Akamwonyesha kovu juu ya mguu wake wa kushoto, mahali pa kaa lililoanguka kutoka katika koleo alipokuwa na umri wa miaka saba, akilipuliza huku akilipeleka barazani mbio lisizimike. Akamweleza kwamba nyanya yake hakuvuta hata siku moja katika umri wake, lakini ndiye aliyekata tumbaku, akabadilisha maji yaliyooza ndani ya kitoma, na akalala katika chumba kilichojaa moshi kwa miaka zaidi ya hamsini. Akasema kwamba ziko siku zilizokosekana pesa za samaki, lakini za tumbaku hazikukosekana. Kisha akasema: “Mimi sikitaki, na fungu langu nimekupa. Lakini usikivunje. Alikuwa baba yangu, nami nalimpenda.”

Na likabaki jambo moja ambalo shangazi hakulisema, ila ndugu yetu alilijua mwenyewe alipokuwa njiani kurudi. Nyanya yake yu hai, na dirisha la chumba chake liko juu ya baraza ile ile. Kila usiku kijana alipokuwa akimkumbuka babu, moshi ulikuwa ukipanda kwa nyanya. Na kila usiku alikuwa akimsikia akikohoa, akadhani ni uzee. Hatusemi kwa yakini kwamba kikohozi hicho kimetokana na moshi, kwani hilo ni la tabibu. Lakini tunasema hili: katika mali, bibi yule alistahili thumuni asipewe, na katika moshi, ambao hakuutaka, alipewa fungu kubwa kuliko warithi wote.

Hapa pana somo ambalo hatukulitafuta, nalo ndilo tunalotaka msomaji achukue. Kitu cha marehemu hakibebi kumbukumbu moja. Kiko kile kwa mjukuu kilikuwa ni jioni, hadithi, na harufu ya babu. Kwa binti kilikuwa ni kovu. Kwa mke kilikuwa ni kazi na kikohozi. Wote watatu walimpenda mtu mmoja, na wote watatu wasema kweli. Anayekichukua kiko peke yake bila kuwauliza wenziwe huwa amechukua zaidi ya mali yao. Amechukua na kumbukumbu yake peke yake akaifanya ndiyo urithi mzima. Mgawo uliowekwa na sheria una hekima ambayo twaisahau: huwakusanya wenye haki mahali pamoja, na watu wakikusanywa juu ya kitu, husema wanayoyajua juu yake.

KHITILAFU YA WANAZUONI

Sasa na tuje katika moshi wenyewe. Tumbaku ni mmea wa bara la Amerika. Kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa pwani yetu, wala wa Bara Arabu, aliyepata kuuona. Kwa hivyo haukutajwa katika Kurani wala katika Hadithi, wala hawakuusema maimamu wanne. Ulipofika katika nchi za Kiislamu, wanazuoni walikhitilafiana khitilafu kubwa. Sultan Murad wa Nne wa dola ya Othmania aliupiga marufuku mwaka 1633 na akawaua watu kwa ajili yake. Huko Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani alitunga risala ya kuukataza, na Sheikh Ali al-Ajhuri, wa madhehebu yale yale ya Imamu Malik, katika mji ule ule wa Cairo na katika zama zile zile, akatunga risala ya kuuhalalisha. Sheikh Abdulghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, naye aliuhalalisha. Katika Hadhramaut, Sayyid Husein, mwana wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, alisifika kwa kuukataza kwa nguvu katika karne ya 17, na kizazi cha baba yake ni watu wajulikanao Lamu na Pate. Ndugu zetu Maibadhi wa Oman na wa visiwani nao tangu zamani wameukataza.

Basi mwenye kusema kwamba wazee wetu walivuta kwa ujahili amewadhulumu. Walivuta wakiwa na kauli za maulamaa wakubwa nyuma yao. Lakini yafaa tutazame kauli hizo zilisimama juu ya nini. Waliohalalisha walisema: asili ya vitu ni uhalali mpaka upatikane ushahidi wa kuzuia, tumbaku hailevi, wala madhara yake hayakuthibiti kwa watu wote, na kama itamdhuru mtu kwa yakini, kwake yeye itakuwa haramu. Tazama basi, ndugu msomaji. Kauli ya uhalali yenyewe ilibeba sharti ndani yake, na sharti hilo ni kutothibiti kwa madhara. Khitilafu ile haikuwa juu ya kanuni, kwani wote walikubaliana kwamba mtu hana ruhusa ya kujitia katika maangamizo. Ilikuwa ni juu ya jambo ambalo katika zama zao hapakuwa na njia ya kulijua.

Njia hiyo leo ipo. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika mahospitali ya London, nao ukaonyesha uhusiano mkubwa baina ya kuvuta tumbaku na saratani ya mapafu. Kuanzia mwaka 1951 wakawafuatia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza kwa miaka hamsini, wakiandika nani avuta na nani amekufa kwa ugonjwa gani. Hesabu yao ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba waliodumu kuvuta sigara walipoteza kwa wastani kiasi cha miaka kumi ya umri, na kwamba aliyeacha akiwa na miaka hamsini aliokoa kiasi cha sita katika hiyo kumi, na aliyeacha na miaka thelathini aliokoa karibu yote. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni moja ni watu wasiovuta, waliovuta hewa ya wengine tu. Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007.

Wala asidhani mtu kwamba kiko kimetoka katika hesabu hiyo. Kiko cha mti huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu. Na kiko cha maji, ambacho wazee walidhani kwamba maji yake huusafisha moshi, hakisafishi. Maji huupoza tu, na moshi uliopozwa huvutwa kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Sigara moja humalizika kwa mivuto kama ishirini, na kikao cha saa moja cha kiko cha maji chaweza kufika mivuto mia mbili, na juu yake hewa yenye sumu itokayo katika kaa la moto. Shisha ambayo vijana wetu waliikimbilia, na ambayo Serikali ya Kenya ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2017, jambo likafika mahakamani, ni mjukuu wa buruma ile ile, amevishwa kioo na kutiwa harufu ya matofaa.

UDHURU HAURITHIWI

Hapo ndugu yetu alituletea hoja tatu, nazo ni hoja ambazo kila msomaji amezisikia.

Ya kwanza: babu alivuta umri wake wote, akafa na miaka themanini na zaidi. Twamjibu: wako waliovuka bahari ya kusi kwa mtumbwi wakafika salama, wala hakuna nahodha mwenye akili afanyaye safari yao kuwa kanuni. Nasi twamshukuru Mungu kwa umri wa babu. Lakini hesabu ya nyumba ile haimaliziki kwa babu. Imo na nyanya.

Ya pili: mimi navuta mara moja tu kwa siku. Twamjibu kwamba kidogo ni chepesi kuliko kingi, hilo ni kweli. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na tumbaku ni katika vitu ambavyo haba yake huita haba nyingine. Tulimuuliza kama aliweza kulala usiku mmoja bila kiko tangu alipoanza. Hakujibu, na kutojibu kwake kukatosha. Kilichoanza kwa kumkumbuka babu kilikuwa kimekwisha kuwa ni haja ya mwili, na mwili ukihitaji hauna khabari ya babu.

Ya tatu, nayo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na moyo wake: mwacha asili ni mtumwa, nikikiacha kiko cha babu nimemwacha babu. Hoja hii twaiheshimu, kwani zama zetu ni zama za watu kutupa vya kwao. Lakini asili ni ipi? Babu wa babu wa babu yake, ukihesabu nyuma ya kutosha, hakujua tumbaku ni nini. Kama asili ni kiko, basi hao hawakuwa na asili. Asili ya mzee yule, kwa maelezo ya mjukuu mwenyewe, ilikuwa ni kwamba baraza yake haikufungwa. Kwamba mgeni wa Lamu au wa Unguja alishuka jahazini akakaribishwa hapo kabla ya kuulizwa jina. Kwamba hakusema uongo katika biashara. Na kwamba alisuluhisha ugomvi wa mtaa mzima. Kiko kilikuwa kipo mkononi mwake alipokuwa akiyafanya hayo, lakini hakikuwa ndicho kilichoyafanya. Aliyerithi kiko akaacha kusuluhisha amerithi mkono mtupu.

Na juu ya yote hayo twasema neno hili. Babu alikuwa na udhuru. Alianza kuvuta katika zama ambazo maneno ya madaktari yalikuwa hayajafika katika mitaa yetu, maulamaa wamekhitilafiana, na rafiki zake wote wavuta. Hatumhukumu, twamdhania kheri, na hesabu yake iko kwa Mola wake aliye Mwingi wa rehema. Lakini udhuru si mali. Hauwekwi katika kasha, haugawiwi kwa thumuni na thuluthi, wala mjukuu hawezi kuutia mfukoni pamoja na kiko. Asiyejua ana udhuru wa kutojua; aliyejua akasema “lakini babu yangu hakujua”, huyo amejaribu kujificha katika kivuli cha mtu aliyekwisha kuondoka. Katika Sura ya Baqara, aya ya 170, wamelaumiwa watu waliotosheka kuwafuata baba zao bila ya kutazama kama baba hao walikuwa na elimu ya jambo hilo. Lawama haikuwa juu ya kuwapenda baba, bali ilikuwa juu ya kuwafanya ngao.

Twaongeza kwamba kumfuata babu kwa kweli si kufanya kila alichofanya; ni kufanya ambacho angefanya angalijua unayoyajua. Mzee yule, kwa tabia yake tuliyoelezwa, lau angeambiwa kwamba moshi wake unapanda katika kifua cha mkewe, je, angeendelea? Mjukuu alituambia bila kusita: “Asingevuta siku nyingine.” Basi amejijibu mwenyewe.

KIFANYWE NINI?

Twamnasihi ndugu yetu, na kila mwenye jambo kama lake, mambo manne.

Kwanza, vitu vidogo vya marehemu viandikwe katika daftari pamoja na vikubwa, siku za mwanzo, mbele ya warithi wote, wanawake na wanaume, kabla ya yeyote kuchukua hata kofia. Aliyekwisha kuchukua na arudishe au aombe radhi, si aibu.

Pili, viko akipewa kwa radhi, aviweke visafishwe, vikae vitupu. Kuhifadhi kitu cha mzee kwa ukumbusho, bila kukitukuza kwa namna isiyofaa, hatuoni ubaya ndani yake. Mwenye kutaka zaidi ya hapo na ajue kwamba makumbusho ya Lamu na ya Ngome ya Yesu huweka vyombo vya pwani kama hivi, na huko watoto wetu watajifunza digali ni nini na shilamu ni nini bila kuvuta. Lakini asimuuzie mtu atakayekwenda kuvuta, kwani kumsaidia mwenziwe katika lile alilojiepusha nalo si uadilifu.

Tatu, baraza isifungwe. Hii ndiyo iliyokuwa starehe yenyewe. Wekwe mkeka, iletwe kahawa, waitwe wazee waliokuwa wakikaa na marehemu, nao wamsimulie mjukuu yale ambayo kiko hakikuweza kumsimulia.

Nne, na ndiyo ya mwisho: mapenzi kwa maiti yana njia zake tulizofundishwa, nazo ni dua, na sadaka, na kulipa lililokuwa juu yake, na kuwaunga wale aliokuwa akiwaunga. Katika wale aliokuwa akiwaunga, wa kwanza ni mkewe. Shilingi zilizokuwa zikinunua tumbaku kila wiki zimpeleke nyanya kwa tabibu akatazamwe kifua chake. Hiyo itamfikia babu, inshallah, kuliko moshi wote uliopata kupanda kutoka barazani pale.

Wiki tatu baadaye ndugu yetu alirudi darasani. Hakujisifu. Alisema kwamba usiku wa kwanza bila kiko ulikuwa mrefu, na mikono yake haikujua ikae wapi, na wa pili ulikuwa mrefu zaidi. Usiku wa tano nyanya yake aliteremka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mumewe alipofariki, akaketi katika ncha ya mkeka, akaanza kumweleza jinsi babu alivyomposa. Alisema kwamba katika maisha yake yote hakupata kumsikia nyanya akizungumza kwa muda mrefu kama ule, kwani zamani kila moshi ulipoanza aliondoka.

Buruma mbili na viko vitatu vimo rafuni, vimeoshwa, vitupu. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kujua zaidi, naye ndiye wa kuombwa taufiki.